Wifi Steinvör na Kitabu Kilichofichwa Kabatini

Sitaki kuandika, na hilo lijulikane mapema. Ragnhildur wa maktaba ya bonde letu ndiye aliyenifuata, kanifuata mpaka zizini kondoo wakamshangaa, ananiambia gazeti la majira ya baridi lina ukurasa mtupu na wewe Oddrún ndiwe unayejua habari za Steinvör na kile kitabu. Najua. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuandika ni kitu kingine. Shuleni mimi nilikaa kidogo, na hicho kidogo chenyewe herufi zilikuwa zikinirukaruka kama viroboto. Mpaka leo nikisoma nasukuma neno mojamoja kama mtu anayesukuma toroli kwenye theluji. Ila nikimwachia Ragnhildur aandike yeye, ataweka machozi mahali ambapo hapakuwa na chozi. Basi naandika mwenyewe. Asiyependa ageuze ukurasa, upande wa pili kuna bei za sufu.

Steinvör ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu Ketill. Alizaliwa shamba la juu, pale bonde linapobana, akaolewa shamba la chini, na maisha yake yote yamepita katikati ya hayo mawili. Msimu wa kuchinja ulimkuta machinjioni akifunga nyama, baridi ikimkuta jikoni mwa shule akiwapikia watoto samaki na viazi. Vijana wa bonde hili wote wamekula kwa mkono wake. Ni mtu ambaye ukimwona dukani humgeukii mara ya pili, lakini akicheka unageuka.

Kwao kulikuwa na kitabu kimoja kinene cha visa vya wahenga wetu, wale waliokuja na mashua na ng'ombe wao wakaanza kushitakiana kabla hata nyumba hazijaezekwa. Baba yake, mzee Guttormur, alikuwa akikisoma kwa sauti jioni za baridi watu wakisokota sufu. Alipokuwa anakufa alimwita bintiye akamwambia, "Kisome chote mwenyewe, usije ukaniaibisha." Steinvör akaitikia ndiyo. Mtu anayekufa haambiwi hapana.

Hakukisoma. Alikitoa vumbi, hilo alilifanya kwa uaminifu.

Kilichomteka ni kitu kingine kabisa. Siku moja anafuta meza pale shuleni, akakuta kitabu kimeachwa, kimelowa maziwa, kina picha ya joka kwenye jalada. Akakifungua atafute jina la mwenyewe. Jina hakuliona, ila aliona kwamba kuna msichana anaitwa Mjalldís aliyetupwa mlimani akiwa mchanga, akalelewa na joka, na sasa watu wa bondeni wanamtaka arudi kwao na upanga amuue yule aliyemlea. Viazi vya watoto viliungua siku hiyo. Mwalimu mkuu alikuja jikoni na leso puani, na Steinvör akamwambia, "Ngoja kwanza, yuko pangoni."

Tangu hapo akawa mtu wa majoka. Kila vuli kilipotoka kitabu kipya cha Mjalldís alikuwa nacho. Nami nilimcheka, tena mbele ya watu, pale kwenye bwawa la maji moto tunapokaa wazee kila asubuhi maji yakitufika shingoni.

"Wifi, binti wa Guttormur mzima, unasoma habari za mijusi yenye mabawa?"

"Wewe husomi hata pakiti ya maziwa, huo mdomo umeutoa wapi?"

"Mimi visa vya wahenga nimevisikia mpaka vimeingia mifupani. Sina haja ya kusoma."

"Basi kaa na mifupa yako, niachie mimi mabawa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mpaka vuli hii iliyopita, asubuhi moja tuko wawili tu bwawani, mvuke umetuzunguka, akanigeukia akaniangalia kwa muda.

"Oddrún, uso wako haupo."

"Unasemaje?"

"Naona kofia, naona masikio. Katikati hakuna kitu."

"Basi hukosi kitu," nikamwambia, nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo maji yale ya moto nikayaona baridi.

Kumbe alikuwa anajua tangu kiangazi. Daktari wa macho kule mji wa Akureyri alimwambia ana doa katikati ya kila jicho, linakula kile hasa unachokitazama na kukuachia pembeni. Jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili walikuwa wanalichoma sindano kulichelewesha, na daktari hakuahidi kitu. Angekuwa bado anasoma Krismasi? Labda. Pasaka je? Daktari alianza kuandika tarehe ya sindano inayofuata.

"Hallbera asijue," akaniambia. Hallbera ni binti yake, anakaa mjini, ana moyo mzuri na haraka nyingi. "Akijua ataninyang'anya funguo za gari kesho, na keshokutwa niko kwenye nyumba ya wazee naimbishwa nyimbo za watoto. Niapie."

Nikaapa. Sikupenda, lakini niliapa.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinamla, maana hakikuwa giza lenyewe. Macho yaliyobaki yalikuwa kama kipande cha mshumaa, na alikuwa hajui akiwashie kitabu gani. Cha baba yake, alichokiahidi? Au cha Mjalldís, ambacho mwisho wake ulikuwa bado haujatoka? Usingizi ulimhama. Nikienda kwake namkuta amesimama katikati ya jiko amesahau alichokwenda kuchukua.

Kwanza akachagua ahadi. Akakishusha kile kitabu kinene, akakiweka chini ya taa kubwa na kioo cha kukuzia, akainama. Nikienda namkuta amefika palepale.

"Mtu anauawa mstari wa pili," akaniambia, "na mstari wa tatu mkewe anaanika nguo. Hakulia? Hakusema kitu?"

"Alisema. Alisema ile nguo ya bluu haitakauka leo."

"Ndiyo kulia huko?"

"Ndiyo utamu wake, wifi! Huambiwi. Unajua mwenyewe. Hao watoto wako wa majoka wakijikwaa kidole wanaeleza kurasa kumi moyo wao unavyodunda. Mtu mzima ataelezwaje kila kitu?"

Akaweka kile kioo chini. "Oddrún, nimekaa na kaka yako tangu nikiwa msichana mpaka nilipomzika. Alikuwa mtu mwema. Aliniambia lini kondoo watashuka mlimani, akaniambia trekta linataka mafuta. Mengine yote nilitakiwa nijue mwenyewe. Nimechoka kujua mwenyewe. Nataka niketi mahali mtu aseme."

Ketill alikuwa hivyo kweli, na mimi niko hivyo, na baba yetu alikuwa hivyo hivyo. Nikanywa kahawa.

"Tena cha baba," akaongeza, "redio inakisoma kila mwaka. Maktaba ya vipofu wamekisoma chote kwenye kanda, nitakisikia mpaka nife. Kiliandikiwa masikio hicho, watu wanasokota sufu. Mjalldís hajasomwa na mtu, bado hata kutoka hajatoka. Huyu ni wa macho."

Hapo moyo wake ukatulia kidogo, akakirudisha cha baba mahali pake. Wangu haukutulia. Sasa mambo yote yalibaki kwa kitabu ambacho hakipo.

Novemba, lile gazeti linalotangaza vitabu vipya vya mwaka likaingia kwa kila nyumba kama kawaida. Mimi nilimsomea, ndiyo, mimi, herufi kwa herufi: Mjalldís, kitabu cha mwisho. Akapiga makofi kama mtoto.

Nyie mnajua desturi yetu, lakini naiandika maana yote yaliharibika hapo. Gazeti lile likishaingia, mtu hajinunulii kitabu mpaka Krismasi ipite. Ukijinunulia unamtukana ndugu aliyekwisha kukufungia hichohicho kiwe zawadi yako. Steinvör aliivunja desturi. Aliendesha gari lake, nami nimekaa kando, Mungu anisamehe, akitazama barabara kwa pembe ya jicho, mpaka duka la ushirika.

"Vimekwisha, mama," akasema Brynjólfur mwenye duka.

"Vimekwisha? Vimetoka jana!"

"Vimekwenda kama mkate."

Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaviona viko juu ya kaunta, rundo zima chini ya kofia ya Brynjólfur. Steinvör alikuwa anaikodolea macho kaunta yenyewe, kwa hiyo hakuviona. Yule bwana akanikonyeza.

Tukaenda maktaba. Ragnhildur, huyuhuyu anayenisumbua niandike, akasema, "Kuna foleni ndefu, Steinvör, labda Februari." Na yeye akanikonyeza. Nikadhani watu wote wamepata ugonjwa wa kope.

Nilipofika nyumbani simu ikalia, Hallbera. "Shangazi, nina kitabu cha mama cha majoka! Nimekipata siku ya kwanza, kiko kabatini kwangu, nimekifunga kwa karatasi nyekundu. Nimewaambia dukani na maktaba wasimpe. Nawe kaa kimya, ee? Nataka nione uso wake siku yenyewe."

Mtu akiniuliza hofu ni nini, nitamwambia ni hiyo. Mama anapofuka bila binti kujua. Binti ana kitabu bila mama kujua. Na mimi mpumbavu mmoja katikati, nimeapa huku, nimenyamazishwa kule. Bonde zima linamfichia mwanamke yule mwanga wake, tena kwa upendo! Kila asubuhi bwawani nilikuwa namuuliza, "Unaniona mdomo?" Mwanzoni alikuwa akisema nauona. Halafu akasema nauona ukicheka. Halafu akasema, "Usiniulize leo."

Na Krismasi ilikuwa haina haraka.

Siku ya kuchonga mikate ikafika. Tunakusanyika kwa Steinvör kila mwaka, tunasukuma unga mwembamba kama jani, tunauchora maua kwa kisu, tunaukaanga kwenye mafuta ya kondoo. Hallbera alikuja na bintiye Sunneva. Mimi nilisimamia sufuria ya mafuta. Steinvör ndiye fundi wetu wa kuchora. Nyota zake zilikuwa zikitundikwa dirishani badala ya kuliwa. Siku hiyo nilimtazama. Kisu kilikuwa kinapita kando ya mstari. Akahisi kwa kidole, akachora tena, kikapita kando tena.

Hallbera akanyanyua mkate wa mamaye akaangua kicheko. "Mama wee! Hii nini, nyota au kondoo amekanyagwa na lori?"

Sunneva akacheka. Steinvör naye akacheka, na kicheko kile ndicho kilichonishinda. Kilikuwa cha uongo. Nikaweka kijiko chini.

"Hallbera, kakilete kile kitabu."

"Shangazi!"

"Kakilete leo. Mama yako hataweza kukisoma Krismasi."

Mafuta tu yanachemka. Steinvör alikuwa ameelekeza uso kwangu, na najua hakuuona, lakini aliniangalia kiasi nikatamani ardhi inimeze.

"Umeniuza," akasema.

"Nimekuuza. Piga kelele baadaye. Hallbera, macho ya mama yako yanakwisha, yanakwisha wiki hii tunayokula mikate, na nyie mmekifunga kitabu kwa karatasi nyekundu!"

Hallbera alikaa kwenye kiti kilichojaa unga. Mkate ukaungua, hakuna aliyejali. Halafu akainuka bila koti, akaenda garini. Kumbe alikuja nacho, alitaka kukificha kwa Steinvör mwenyewe chini ya ngazi! Akarudi, akapiga magoti mbele ya mama yake, na pale mezani, kengele za Krismasi hazijalia wala hazijafikiria kulia, akaichana ile karatasi mwenyewe. Sijapata kuona zawadi ikifunguliwa kabla ya kengele katika maisha yangu.

"Mama, soma," akasema. "Soma sasa hivi, mikate tutakaanga sisi."

Steinvör alikichukua. Funguo za gari alizitoa mwenyewe mfukoni akaziweka mezani kabla hajaulizwa. Akaniambia mimi, "Wewe nenda kwako."

Nikaenda.

Siku zilizofuata hakuniita na bwawani hakuja. Taa yake kubwa nilikuwa naiona kutoka kwangu, ng'ambo ya mto, imewaka mchana, maana mchana wa Desemba kwetu ni jina tu. Nikiiona imewaka nasema anasoma. Ikizimika nauliza, amemaliza au yamemaliza? Nilifuma soksi, nikazifumua, nikazifuma tena. Hallbera nilimpigia. "Anasoma, shangazi. Ukurasa mmoja unamchukua muda wa kuchemsha viazi. Usije, bado ana hasira."

Jioni ya Krismasi sikungoja kualikwa. Nimekula nyumba ile kila Krismasi tangu Ketill aoe, nikajiendea. Nilipokewa kwa kahawa. Kengele zikalia redioni, tukala nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi na ile mikate iliyopindapinda, zawadi zikafunguliwa. Kisha pakawa kimya, kile kimya chetu cha Krismasi kila mtu anapozama kwenye kitabu chake kipya na chokoleti mkononi. Hallbera kazama. Mumewe kazama. Sunneva amelala chini, miguu juu, kazama. Steinvör kwenye kiti chake chini ya taa, kioo mkononi, joka lake magotini.

Mimi sikuwa na kitabu, hakuna anayenipa. Nyumba nzima, macho yasiyo na kazi yalikuwa yangu peke yake. Ndiyo maana niliona.

Hakuwa anageuza ukurasa.

Nilingoja. Nilikula chokoleti mbili. Hallbera alishageuza kurasa nyingi, Sunneva ndiyo usiseme. Steinvör alisogeza kioo, akakisogeza tena, akageuza kichwa kama kuku, kushoto, kulia, akitafuta pembe. Ukurasa ni uleule. Nikainuka nikamwendea, nikainama.

"Wifi."

"Imekwisha," akasema polepole.

"Hadithi?"

"Sura ya mwisho ndiyo hii. Jana nilikuwa naona maneno mawili mawili. Leo nikilitazama neno linaondoka."

Sunneva alisikia. Akaruka. "Bibi, nipe nikusomee! Nitakimaliza usiku huuhuu!"

"Wewe unasoma kama mtu anayekimbia mvua," Steinvör akamwambia. "Na mama yako anasoma kama taarifa ya habari. Nimeingoja sura hii miaka, siitaki imwagike mara moja." Akanyoosha kitabu upande wangu, akakosea kidogo, akakisahihisha. "Huyu hapa aliyeniuza. Asome yeye. Atalipa."

Mbele ya watu wote! Mimi, ambaye kanisani nashika kitabu cha nyimbo juu chini. Uso uliniwaka. Nilitaka kusema nimesahau miwani, na miwani ilikuwa puani. Nikakaa kwenye kiti kidogo, nikaweka kidole chini ya neno la kwanza, nikasukuma.

Nilisoma vibaya. Nilikwama kwenye majina ya milima ambayo haipo. Hakuna aliyecheka, wote walikuwa wameweka vitabu vyao chini. Mjalldís alikuwa amepanda mpaka pangoni na upanga, na joka amelala, mzee, amepofuka kwa moshi wake mwenyewe. Hilo mimi sikulitunga, limeandikwa. Na yule msichana badala ya kupiga akaanza kusema. Nikasema moyoni, haya, kurasa kumi za moyo. Lakini unaposoma kama mimi, neno haliwezi kupita bila kukugusa. Nikasukuma: ni-li-ku-o-go-pa ki-la si-ku. Nikapumzika. Na ki-la si-ku ni-li-ku-pe-nda, wa-la si-ku-wa-hi ku-ku-a-mbi-a.

"Rudia," Steinvör akasema.

Nikarudia. Safari ya pili likatoka moja kwa moja, bila kukwama.

Akafunga macho ambayo hayakuwa na kazi tena. "Hapo," akasema. "Unaona? Si vigumu. Mtu anafungua mdomo tu."

Nilikuwa na neno linalofuata chini ya kidole. Na bado nasema yule joka alikuwa anatosha kitabu kimoja, na mwandishi ana maneno mengi mno. Mhenga angelimaliza kwa mstari mmoja na kukuacha hoi. Lakini sasa naelewa kwa nini viazi viliungua.

Hallbera na wenzake walirudi mjini baada ya sikukuu. Steinvör yupo hapahapa, kwa sasa, hilo wataamua wao wawili. Mimi navuka mto kila alasiri, tunasoma ukurasa, siku nzuri ukurasa na nusu. Kitabu cha baba yake tunakisikia redioni tukimaliza, na hapo ananisikiliza mimi nikimweleza yule mke wa nguo ya bluu alikuwa anahisi nini. Tunagombana sana.

Bado hatujafika mwisho. Mjalldís ameshika upanga, na hatujui atapiga au atauweka chini. Juzi bwawani mtu mmoja, simtaji, anajijua, alifungua mdomo akasema, "Steinvör, ulionaje pale joka alipo..." nikamtia kichwa majini. Sijutii.

Basi Ragnhildur amepata ukurasa wake, na mimi nataka malipo yangu. Nyie wote wa bonde hili mliokwisha kukisoma Krismasi na macho yenu mazima: dukani, bwawani, kanisani, kwenye foleni ya petroli, akipita Steinvör, fungeni midomo. Mnajua kunyamaza nyie, mlinyamaza Novemba nzima pasipotakiwa. Nyamazeni tena mpaka nimalize, na nitamaliza nikimaliza. Na mwenye taa yenye mwanga mkali kuliko yangu ailete kesho mchana, maana macho yangu nayo hayapendi yale maandishi madogo.